Mbwa Watano Waliovaa Tai

Sisi tuliokulia Kondoa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagika sokoni, tulivaa makoti mazito ambayo hata hatukujua yalishonewa baridi ya wapi. Baba yangu alikuwa muuza mitumba. Siku moja alifungua robota akakuta tai tupu: za maua, za mistari, nyingine zina picha za bata. Nani Kondoa avae tai? Mwalimu mkuu alinunua moja, robota likarudi nyumbani.

Ng'ambo ya ua wa minyaa aliishi Shangazi Zuhura, dada yake baba. Hakujaaliwa mtoto, lakini kwake palijaa. Malori yalipoongezeka, watu waliwaachia punda wao wazee wakazurura na vidonda mgongoni. Shangazi akawaokota. Paka waliotupwa, akaokota. Mbwa waliovunjwa miguu kwa mawe, akaokota. Tukitoka shule tulikuwa wauguzi wake sisi watoto, tunaosha vidonda kwa maji ya chumvi na kupika uji wa pumba kwenye debe. Harufu ya uji ule ikinijia mpaka leo nasikia njaa, Mungu anisamehe.

Kila mnyama alijua pake: paka ndani, punda uani, mbwa nje ya minyaa. Mbwa akikulamba unanawa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mimi nilinawa mpaka ngozi ikachubuka, maana Kaniki, mbwa mweusi wa miguu mitatu, hakujua kusalimia bila ulimi. Nilimpenda kuliko binamu zangu wote.

Baba hakutaka hata kuwasikia. Alizunguka mbali kanzu yake isiguswe.

"Zuhura, malaika watapitaje hapa kwako?"

"Ndiyo maana nimewaweka nje, kaka."

Kisha likapita tangazo la kipaza sauti: kichaa cha mbwa kimeingia, na mbwa asiye na ukanda shingoni wala mtu wa kusema ni wake atapigwa risasi. Ukanda wa mbwa ungeupata duka gani? Shangazi akamwomba baba tai tano, moja kwa kila mbwa. Baba akakataa katakata, akasema biashara yake haivishi mbwa. Sisi tukazichomoa robotani kimyakimya. Kaniki nilimpa yenye bata.

Walikuja alasiri, wawili, mmoja na bunduki. Shangazi alikuwa bondeni anatafuta punda. Tulipoiona ile bunduki tukatimkia nyuma ya minyaa, utomvu ukitudondokea.

Yule mwenye bunduki alicheka tai mpaka akashika magoti. Halafu akainuka, akauliza kwa sauti, "Haya, mwenye mbwa hawa ni nani?"

Baba alikuwa anatoka msikitini. Alisimama. Akaziangalia zile tai, zake, moja baada ya nyingine.

"Wangu," akasema. "Wote watano."

"Wewe tena, Mzee Juma?"

"Nimesema wangu."

Kaniki, kwa furaha, akamrukia na kumlamba mkono, akaichafua kanzu nyeupe kifuani. Baba hakurudi nyuma. Alisimama hivyohivyo mpaka wale watu walipopotea kwenye kona, ndipo akaita maji. Akanawa mara saba, udongo akauchota mwenyewe, akaenda kubadili kanzu. Habari ya tai hakuiuliza hata siku moja.

Siku hizi mwanangu ana mbwa anayeogeshwa kwa shampuu na kupelekwa kliniki kwa gari. Kila asubuhi anampiga picha, anaandika "mtoto wangu", na watu wanamwagia mioyo. Sawa, na mimi naweka wangu. Ila namkumbuka baba, ambaye hakumpenda mbwa mpaka anaingia kaburini, lakini alisema ni wake mbele ya bunduki. Mimi niliyempenda Kaniki nilikuwa nyuma ya minyaa, nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili.