Nilivyokwama kwenye password ya email, tukamzika Mama bila kaka yangu

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza humu: ameweka programu ya email kwenye kompyuta ya ofisini, akitaka kutuma kinatokea kidirisha cha kudai password, anaandika, kinarudi tena. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili. Nikafuta. Nikaona siwezi kumjibu bila kueleza nilikojifunzia.

Mimi sio mtaalamu. Shule niliishia kidato cha pili, na kompyuta nimeijua kwa kukaa mbele yake. Nitakachoandika ndicho kilichotokea. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Ilikuwa Sumbawanga, miaka ile biashara ya mahindi imeshaachwa huru. Ushirika ulikuwa umekufa na kila mwenye lori amekuwa mnunuzi. Simu za mkononi ndiyo zilikuwa zinaingia mjini, na wenye nazo tuliwajua kwa majina.

Nilikuwa nafanya kazi kwa mzee mmoja mnunuzi wa mahindi na ulezi, ghala lake lilikuwa Mazwi. Nitamwita Mzee Sikazwe, ingawa sio jina lake. Nilianza kwa kupima magunia. Baadaye, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, akaniweka kwenye kompyuta niwe nawaandikia wateja wa Dar na Mbeya.

Sasa, vijana wa leo hamjui intaneti ya simu ya mezani. Modemu inapiga kelele kama jogoo aliyebanwa mlangoni, na muda wote ukiwa ndani, bili inatembea. Mzee Sikazwe alikuwa ameifungia simu pamoja na tundu la waya ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli. Funguo ilikaa shingoni mwake, kwenye kamba moja na rozari.

Utaratibu ulikuwa hivi. Unaandika barua zako zote kwanza, kimya kimya. Ukimaliza unamwita. Anafungua kisanduku, anasimama nyuma yako.

"Ingia, tuma, toka," alikuwa anasema. "Salamu watakupa wakija kuchukua mzigo."

Ikaja kompyuta mpya. Ile ya zamani iliungua radi ilipopiga nguzo, na anayekaa Ufipa anajua radi zetu. Programu ya email ikabidi niiweke mimi mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokutana na tatizo la kwanza la login. Nilipewa username mbili na kampuni ile ile ya intaneti, moja ya kuingilia mtandaoni na nyingine ya sanduku la barua. Mimi niliona ni kitu kimoja, nikaweka ya kwanza kote. Ikakataa asubuhi nzima. Nilibadilisha herufi kubwa, nikabadilisha ndogo, nikaandika password polepole kwa kidole kimoja. Kumbe password haikuwa na kosa, jina ndilo lilikuwa la mlango mwingine.

Nikaweka jina sahihi. Nikabonyeza kupokea na kutuma kwa pamoja, vyote vikapita. Nilifurahi, nisiwafiche.

Mzee Sikazwe akaniambia, "Sasa hiyo ya kupokea itoe. Wale wa Dar wananitumia picha za malori yao, line inakaa nusu saa. Tutapokea Ijumaa tu. Siku nyingine iwe inatuma basi."

Nikaenda kwenye settings nikaondoa tiki. Programu ikawa inatuma tu. Sikuijaribu ikiwa hivyo, na siku zile chache hatukuwa na barua ya kutuma. Niliona kama imetuma vizuri ikiwa na kazi mbili, itashindwaje ikiwa na moja.

Jumatano ya wiki iliyofuata, alfajiri, Mama akafariki nyumbani kwangu Chanji.

Alikuwa ametoka kijijini kwetu Chala kuja kutibiwa, ana wiki kadhaa kwangu. Nilimwacha anaongea na mke wangu jioni, asubuhi hakuamka. Sitaongeza hapo.

Kwa Mama tulibaki hai wawili tu. Mkubwa ni Gaudensi, wakati huo alikuwa Zambia, fundi magari kwenye miji ya migodi. Simu ya pale alipopanga ilikuwa imekatwa siku nyingi. Njia yetu ilikuwa email. Akitoka kazini alikuwa anapita intaneti café, nami Mzee Sikazwe aliniruhusu kumwandikia pamoja na barua za mahindi.

Baba mdogo Tito, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyekuwa mkubwa wa msiba. Aliniita pembeni.

"Mwambie kaka yako. Akijibu kwamba anakuja, tunamngoja hadi Jumamosi. Tusiposikia kitu, Ijumaa tunampeleka mama yenu Chala tukamzike. Mwili hauna subira."

Nikachukua baiskeli nikaenda Mazwi. Niliandika mistari michache: Mama ametutoka leo, tunakungoja, jibu kama unakuja. Mzee Sikazwe alinipa pole, akafungua kisanduku bila mimi kumwita.

Nikaingia. Nikabonyeza kutuma. Kikatokea kidirisha: username na password.

Nikaandika. Kikarudi.

Nikaandika tena.

"Bado?" akauliza Mzee Sikazwe.

"Inadai password."

"Si ulisema umeitengeneza?"

"Niliitengeneza, mzee."

Kikarudi mara nyingine. Nikabonyeza kitu. Nadhani ilikuwa Cancel, sikumbuki vizuri. Kidirisha kikapotea, skrini ikawa safi.

"Imeenda?"

"Imeenda."

Niliamini imeenda. Nilikuwa nimezoea kwamba ikikataa inadai, na ikinyamaza imekubali. Akakata line, akafunga kufuli. Akaniambia nisirudi kazini mpaka tumalize msiba, na kwamba unga ataleta yeye.

Niliporudi Chanji nilimkuta Baba mdogo anaongea na dereva wa lori lililokuwa linapakia kwenda Mbala, upande wa Zambia. Dereva alikuwa tayari kumbeba mtu wetu mmoja. Kutoka Mbala angepanda basi.

"Imefika hiyo barua yako?" Baba mdogo aliniuliza.

"Imefika, baba. Hii haichukui hata dakika. Akifungua tu, anaiona."

"Nilitaka nimtume kijana wetu Kizito na hili lori."

"Kizito atafika keshokutwa huko. Gaudensi ataisoma leo jioni."

Baba mdogo aliangalia lori, akaniangalia mimi. Alikuwa mtu wa jembe, hajawahi kuigusa kompyuta, na mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kompyuta. Akampungia dereva mkono aondoke.

Wakuu, hilo lori ndilo linanirudia. Mashine sina kinyongo nayo.

Alhamisi tulingoja. Upepo ulikuwa mkali, wanaume wamejifunika makoti kuzunguka moto, wanawake ndani na Mama. Jirani yetu Masanja, Msukuma mfugaji, mtani wetu, alikuja na maziwa na maneno yake.

"Nyie Wafipa mmemweka bibi ndani kama gunia. Mnangoja bei ipande?"

Watu wakacheka, maana ndiyo kazi ya mtani. Shangazi mmoja akamjibu, "Tunamngoja mwanawe mkubwa. Wewe ungeacha ng'ombe wako ukaja?"

"Ningekuja nao," Masanja akasema. "Na leo mngekuwa mnakula nyama."

Mchana nikaenda Mazwi kuangalia kama kuna jibu. Mzee Sikazwe akaruhusu nipokee, ingawa haikuwa Ijumaa. Nikabonyeza kupokea. Barua zikaingia: bei ya mahindi Mbeya, picha ya lori, mtu anauliza ulezi. Ya Gaudensi haikuwepo.

Nilikaa nikiangalia barua zilizoingia. Pale pembeni Outbox, sanduku la barua ambazo hazijaondoka, ilikuwa imeandikwa kwa wino mzito, na mbele yake namba moja. Nilikuwa natafuta ya kuja, macho hayakwenda huko.

Nikarudi nikasema hakuna jibu. Baadaye nikasikia mtu nje anasema kwa Kifipa kwamba Zambia imemmeza, hata mamaye hamkumbuki tena. Sikumkatalia. Nami nilikuwa nimeanza kumkasirikia kaka yangu.

Ijumaa tukampeleka Mama Chala. Wakati wa kutupa udongo Baba mdogo alitupa wake, akainama tena, akachukua konzi nyingine, akasema, "Hii ya Gaudensi."

Jumatatu nikarudi kazini. Kulikuwa na barua za wateja za kutuma. Nikabonyeza kutuma, kidirisha kikatokea tena. Safari hii nilikuwa na utulivu wa kuangalia skrini yote. Nikaiona Outbox. Nikaifungua. Barua ya Gaudensi ilikuwa humo, ya kwanza.

Sikulia pale. Nilimwomba Mzee Sikazwe nipige simu kwa watu wa intaneti Dar. Alininyooshea funguo bila kuuliza ya nini.

Akapokea dada mmoja. Nikamweleza.

"Password yako nzima, kaka," akasema. "Kabla ya kutuma, huwa unapokea kwanza?"

"Hapana. Tulizima kupokea. Bili."

Akacheka kidogo, bila ubaya. "Basi seva, mashine yetu ya kupitisha barua, inakukataa kwa sababu haijui wewe ni nani. Ukipokea, inakuwa imekutambua, inakuacha utume kwa dakika chache. Ukipita moja kwa moja kutuma, kwake wewe ni mtu wa barabarani."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mtu akipokea halafu akabonyeza kutuma hapo hapo?"

"Inapita."

Nilikuwa nimepokea siku ya Alhamisi. Kwa hizo dakika chache seva ilikuwa inanijua.

Nikarudisha ile tiki. Kupokea, kisha kutuma. Barua zikaondoka zote, na ya Gaudensi ikiwa mbele. Nilikuwa nimeiongezea maneno mengine: tumeshamzika, kosa liko kwangu, njoo.

Jioni ile ile nilipata usafiri wa kwenda Chala. Baba mdogo alikuwa bado anakaa pale kwenye matanga. Nilimweleza yote mbele ya mkewe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hakujua."

"Hakujua, baba."

"Haya. Waliomsema nitawaambia mimi mwenyewe. Wewe usizunguke nyumba kwa nyumba." Akaongeza, "Kizito alikuwa ameshavaa viatu."

Gaudensi alifika Alhamisi, na begi dogo na ovaroli ya kazini chini ya koti. Nilimpokea barabarani pale Chala. Nilikuwa nimepanga maneno, nikaanza kumwelezea mambo ya seva na kupokea na kutuma. Akanizuia.

"Jumatano ile nilipita café," akasema. "Nilifungua email yangu. Hakukuwa na kitu, nikafurahi. Nikasema nyumbani ni wazima."

Tukaenda makaburini, mimi na yeye na Baba mdogo. Mvua ilikuwa imeshakata udongo upande mmoja. Gaudensi aliomba jembe. Alipandisha udongo peke yake, polepole, akausawazisha kwa viganja kama mtu anayepaka ukuta. Baba mdogo alitaka kumsaidia, nikamshika mkono.

Alikaa siku chache akarudi Zambia.

Hajawahi kunilaumu. Huu ni mwaka wa ishirini na kitu. Tunapigiana simu, anaulizia watoto, ananitumia cha Krismasi. Mama akitajwa, anauliza hali ya hewa ya Sumbawanga. Mimi namjibu kwamba kuna baridi.

Ningependa anilaumu siku moja, kwa sauti, tumalize.

Sasa nimjibu ndugu aliyeuliza. Angalia mambo matatu. Username ya sanduku la barua isiwe ile ya kuingilia kitu kingine. Kwenye settings za kutuma, weka tiki kwamba seva ya kutuma inahitaji kukutambua, siku hizi wameiweka wazi, haina haja ya kupokea kwanza kama zamani. Na kidirisha kikipotea usimwambie mtu imeenda. Fungua Outbox, iangalie ikiwa tupu, ndipo useme.

Nilichojifunza kwa upande wa pili ni kidogo. Likitokea la kufiwa, tumia email, tumia simu, tumia kila kitu, lakini mtu akijitolea kwenda, mwache aende. Hata akikutana njiani na anayekuja, hakuna aliyepoteza.

Wataalamu nisahihisheni kama nimekosea kwenye mambo ya seva, sitakasirika.

Na kama kuna aliyewahi kumzika mzazi huku ndugu yake hayupo, kisha wakaja kuzungumza wakaelewana, naomba aniambie ni nani alianza, na alianza kwa neno gani.