Mkwe Anayesema kwa Mikono

Usiku kucha mama alikaa kwenye benchi la wodi ya wazazi akingoja habari za bintiye aliyeshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, na macho yalipochoka kuutazama mlango, yalimgeukia mkwe. Huyo ni fundi wa vifaa vinavyofuata ishara: taa za kupungiwa mkono, redio za kuguswa tu, hata mlango ule wa wodi, unaofunguka ukipungiwa mkono, aliuweka yeye. Mikono yake haijui kutulia. Akitaja barabara, anaichora. Akitaja ng'ombe, anaota pembe. Nyumbani kwake taa huzimika katikati ya kila hadithi, na mkewe huuliza gizani, "Haya, umefika wapi?"

Alfajiri mkwe akaanza kumsimulia mama jinsi yeye alivyofukuzwa na bata mzinga, ili kumtoa wasiwasi. Alipotanua mbawa, mlango ukafunguka. Alipotimua mbio, ukafunguka tena. Muuguzi akachungulia. "Shemeji, mlango wako au mikono yako, kimoja nitakifunga kamba!"

"Samahani, sista." Akaikalia mikono, na hadithi ikakatika papo hapo kama maji ya bomba. Hapo ndipo mama alipotambua kuwa mkwe ana hofu kuliko yeye. Akamsogelea. "Pumua, baba. Anayezaa ni mkeo."

Mlango ukafunguka.

"Sista, safari hii si mimi!"

"Najua, nimeufungua mimi. Mama na mtoto wazima. Haya, lete hiyo mikono umpokee."