Tulipokuwa na Mlango wa Kupita Wima

Sisi tuliozaliwa Ugogo kabla ya garimoshi tulikulia juu ya paa. Vijana wasinicheke. Paa la tembe, nyumba yetu ya Kigogo, lilikuwa tambarare, la udongo, na lilikuwa chini kiasi kwamba mbuzi mkorofi aliweza kulipanda bila msaada. Huko juu mama zetu walianika mlenda na mtama, na huko juu tulifinyanga ng'ombe wa udongo, tukawachunga, tukawatoa mahari, hadi sauti ya mama itokee chini: "Nyemo! Mnanimwagia mchanga kwenye ugali!" Ugali ulikuwa wa uwele, na mchanga ulikuwa wa kila siku. Tulikula vyote viwili, na meno bado tunayo. Wajukuu zangu wanakula mkate laini na wameshang'olewa magego.

Nyumba zenyewe hazikuhesabiwa kuwa mali. Mali ilikuwa ng'ombe. Malisho yakiisha, mtu aling'oa nguzo na mapau yake, akayabeba, akaziacha kuta zirudi kuwa udongo. Mama alikuwa tayari kabla mlenda haujachemka: kinu, vyungu, ngozi za kulalia, kigoda kimoja. Leo kijana akihama chumba kimoja anaagiza lori, halafu anasimama barabarani akililia kabati.

Aliyeharibu utaratibu huu pale kwetu Nzuguni alikuwa baba yangu. Wadachi walipokuwa wakileta reli kutoka pwani, alikwenda Kilosa kufanya kazi ya kutandika mataruma yanayobeba reli. Alikaa misimu miwili, akarudi na shuka, misumari na wazo. Wazo ndilo lililomlemea. Alikuwa ameona nyumba za Wazungu wa reli, ambamo mtu huingia wima kama anavyotembea njiani. Kwetu kila mtu aliinama mlangoni, hata mtemi.

Basi kiangazi kizima baba alilitengeneza upya tembe letu. Aling'oa nguzo fupi, akasimika za mpingo, kila moja ndefu kuliko yeye akiinua mkono. Majirani walikuja kusaidia kama ilivyokuwa desturi, yaani walifanya kazi mpaka pombe ya uwele ilipoiva, kisha wakabaki kutoa maoni. Mjomba Ndahani, kaka yake mama, hakuwa na huruma.

"Shemeji, unajenga nyumba au unafuga twiga?"

"Cheka tu. Mvua ikija utaniomba kona."

Bibi, mama yake baba, aliukagua mlango mpya wa mbao, akaupitia mara mbili kwa majaribio, na mara zote mbili akainama kwa mazoea. "Mlango wa chini unachuja wageni, mwanangu," akasema. "Huu wako utawapitisha wote."

Baba hakumsikia. Alikuwa anatoboa madirisha. Alipaka kuta udongo mweupe ndani na nje, hadi nyumba ikaonekana kutoka mbali kama jino. Kitu kimoja tu hakukigusa: sakafu. Ilikuwa ngumu, imekanyagwa tangu enzi za babu, na nani aliwahi kusikia mtu anatengeneza sakafu?

Baada ya hapo tulianza kuitumikia nyumba. Ndama hawakulala tena ndani. Sisi watoto tulikatazwa paa, tusije tukalibonyeza. Mama alihamishia jiko nje, kwenye upepo na vumbi, kwa sababu moshi ungechafua kuta. Jioni baba alikaa mbele ya mlango wake akiutazama, na ng'ombe walirudi zizini bila mtu wa kuwahesabu.

Halafu akaja Mzungu wa kupima njia ya reli. Alifuatana na akida, mtu wa pwani, pamoja na askari wawili. Nilikuwa karibu, nimebeba kibuyu cha maziwa, kwa hiyo ninaloandika nililiona. Mzungu alipita tembe moja, akainama, akachungulia, akapiga chafya. Akapita la pili. Alipoliona letu alisimama. Akaingia wima na kofia yake kichwani.

Hapo ndipo baba angeweza kujiokoa. Angesema paa linavuja. Angesema kuna mgonjwa wa ndui. Badala yake alimshika akida mkono.

"Mwambie haivuji hata tone. Mwambie nguzo ni mpingo, mchwa hawali. Mwonyeshe dirisha hili, jua linaingia mpaka hapa!"

Akida alitafsiri yote kwa uaminifu. Mzungu alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema neno fupi. Akida akamgeukia baba. "Bwana amependa sana. Tokeni kabla jua halijawa juu."

Tulihamia kwa Mjomba Ndahani, kwenye tembe la kuinama lililovuja pande zote. Mjomba hakusema kitu siku ya kwanza. Siku ya pili alishindwa. "Karibu kona, shemeji."

Baba alivumilia hilo. Asichoweza kuvumilia ni kukaa mbali. Kila asubuhi alikwenda kufagia mbele ya nyumba yake, akazifuta kwa udongo mweupe alama za viatu ukutani, kisha akamsalimu mpangaji wake, ambaye hakumjibu.

Mzungu hakumaliza mwezi. Katika sakafu ile ya babu waliishi papasi, wale wadudu wa kuleta homa, ambao sisi walitulea kwa kutuuma tangu tukiwa wachanga, hata homa yao tukaizoea. Hawakuwahi kuonja ngozi ya namna ile. Alitolewa kwenye machela, amefungwa mablanketi saa sita mchana, na baba alilia. Wengine walidhani ni furaha. Nilimsikia akimwambia mama, "Atadhani nyumba ndiyo mbaya."

Tukajiandaa kurudi. Akida akatukuta tukifunga mizigo, akasema tusijisumbue: kuanzia sasa nyumba ni ya wageni wa serikali, wapite wasipite, na baba aitunze iwe nyeupe. Baba akaitikia. Akaenda kuchimba udongo mweupe. Mama akamfuata, nami nikamfuata mama.

"Baba Nyemo, unampakia nani?"

Aliendelea kuchimba.

"Ng'ombe wamekonda. Juzi wawili hawakurudi, hukuuliza. Mimi nitahama na ng'ombe. Wewe baki na mlango wako."

Baba alikaa chini palepale na udongo mikononi. Baadaye akaenda kwa Mjomba, akamwambia akusanye watu, na hapakuwa na pombe. Walizing'oa nguzo zote, mapau, hata mlango. Lakini hakubeba hata kijiti. Alisema nguzo ndefu zitamtamanisha kujenga nyumba ndefu. Akawagawia majirani, na kila mmoja akaikata yake vipande viwili ili imfae. Baba alisimama akiangalia shoka likishuka. Kila likishuka alifumba macho, na ilipofika nguzo ya mwisho, yeye ndiye aliyewashikia.

Akida alipofoka, baba alimjibu kwa adabu: "Malisho yameisha, bwana. Tunahama." Hata Wadachi walishachoka kumzuia Mgogo anayefuata majani. Tukaenda upande wa Bahi, tukajenga tembe la miti iliyopinda, nasi watoto tukapanda paani siku hiyohiyo, udongo haujakauka.

Leo nina nyumba ya mabati na saruji Dodoma mjini, na wanangu wameshaanza kuipimia vyumba kwa macho nikiwa hai. Mwezi uliopita mmoja aliweka kufuli jipya kwa ajili ya wezi, akaondoka na ufunguo. Nilikaa nje mpaka jioni, nikinyeshewa, mbele ya mlango mrefu, mzuri, usiovuja. Zamani, kututoa katika nyumba yetu kulihitaji Mdachi, akida na askari wawili.