Wimbo wa Sumu ya Panya

Mwezi wa tisa ulikuwa unakatika tangu Bonareri amzike mumewe, na hakuwa amelia. Watu wa Gesima hawakulisahau hilo. Msibani, mahali ambapo mjane hutarajiwa kusikika hadi ng'ambo ya bonde, yeye alikaa kando ya jeneza, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Wenye midomo wakasema yao. Wasichojua ni kwamba kichwani mwake kulikuwa na wimbo unaozunguka, na wimbo wenyewe ulikuwa wa sumu ya panya.

Ungekuwa hata wa kanisani, mtu angeelewa. Huu ulitoka kwenye gari la mchuuzi linalopita Gesima kila Ijumaa alasiri, kipaza sauti juu, likiwaamsha hata ng'ombe. Mumewe, Obadiah, aliyeimba besi katika kwaya ya Waadventista kwa miaka ishirini na sita, aliupenda kwa ukorofi tu, ili mkewe akasirike. Ijumaa ile ya mwisho alikuwa ameketi barazani akisugua gambuti zake za mpira, akiimba:

*Panya, kunguni, mende, kiroboto,*
*wote watalala, wakubwa kwa watoto.*
*Mama ukinunua, baba...*

Hapo jua likazama nyuma ya mikaratusi, naye akaukata. Nyimbo za dunia hazikuvuka machweo ya Ijumaa katika boma lake.

"Sabato imeingia, Mama Mokeira," alisema. "Huu nitaumalizia Jumapili."

Kesho yake, katikati ya mahubiri, aliinamisha kichwa. Bonareri akamgusa kwa kiwiko, maana mzee huyo alikuwa bingwa wa kusinzia. Hakuamka. Akamchoma tena, mara hii kwa hasira. Watu walipomlaza Obadiah kwenye benchi na kumfungua tai, Bonareri bado alikuwa anaona aibu ya mume aliyelala kanisani.

Tangu siku hiyo wimbo uliingia ukakaa. Ulifika kwenye "baba", ukarudi kwa panya. Alichuma chai nao, akakamua maziwa nao. Yeye ni shemasi, na siku ya Meza ya Bwana alipitisha mkate huku mende na viroboto wakimpita kichwani, akaona ataadhibiwa. Zaidi ya hofu hiyo hakuhisi kitu. Ndani mlikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alitaka kumlilia mumewe kama wajane wengine, basi, na aliamini wimbo ndio uliomzibia njia.

Mwishowe alimwendea Mwalimu Tryphosa, kiongozi wa kwaya, akamkuta akimenya ndizi. Akamweleza yote. Tryphosa hakucheka.

"Umenasa kwa sababu haujaisha," alisema. "Uimbe mpaka mwisho, utatoka. Ukitoka, utalia."

"Mwisho wake siujui, Mwalimu. Sikuwahi kuusikiliza vizuri."

"Na hilo gari linapita hapa kila wiki?"

Lilipita, na Bonareri alilikimbia. Kila Ijumaa, gari likisikika tu kule darajani, yeye alichukua mtungi akateremka kijitoni, maji yawe yanahitajika au la. Mapipa yote nyumbani yalikuwa yamejaa. Majirani walimsifu kwa bidii.

Ijumaa iliyofuata gari lilimkuta kwenye foleni ya kituo cha kununulia chai, kikapu mgongoni. Angeweza kuondoka. Alishika kamba za kikapu, akatazama chini. Wimbo ukaja, ukafika kwenye "baba", ukapita:

*Mama ukinunua, baba atashukuru.*

Ni hayo tu. Mchuuzi akazima, akaanza kueleza habari za kunguni. Bonareri nusura acheke. Obadiah kushukuru? Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa, chakula kikimfurahisha alinyamaza na kusukuma sahani iongezwe.

Chai ikapimwa, akapanda kilima. Katikati ya njia alisikia gambuti zake mwenyewe zikikwaruza mawe. Akasikia ndege. Wimbo ulikuwa umetoka kweli, Mwalimu hakukosea. Akangoja machozi. Hayakuja.

Alifika nyumbani, akatua kikapu, akaketi pale barazani. Gambuti za Obadiah zilikuwa bado ukutani, moja imeng'aa, nyingine ina tope la mwaka jana. Akataka kumkumbuka akiimba, wimbo wowote, hata wa kanisani. Maneno yalikuja, lakini sauti haikuja. Ndipo alipoelewa, na akaogopa kuliko alivyoogopa siku ya maziko: miezi yote hii aliyekuwa akiimba kichwani mwake hakuwa mchuuzi. Alikuwa Obadiah, kwa besi yake nzito, kila siku, shambani na kanisani. Na sasa alikuwa amemtoa.

Akaanza kuimba kwa sauti yake nyembamba. Panya, kunguni, mende. Alipofika kwenye "baba" alinyamaza, akasikiliza.

"Baba Mokeira," akaita.

Jua likazama nyuma ya mikaratusi na Sabato ikaingia. Bonareri akarudi kwa panya, akaanza upya.