Jiwe la Kufulia la Maman

Bomba la nyumbani kwetu hutoa maji linapojisikia. Ndiyo maana maman, mama yangu, mwalimu mstaafu aliyetundika diploma yake sebuleni, alishuka ziwani kila Jumamosi na beseni kichwani kama wanawake wengine wa mtaa wetu hapa Bukavu. Alikuwa na jiwe lake la kufulia, pana, lililoinama kidogo kuelekea majini. Hakuna mwingine aliyethubutu kufulia pale.

Katikati ya mawe yale mawimbi huacha vidimbwi, na katika vidimbwi huota majani ya ziwa. Maman aliyafuatilia mwaka mzima. Wakati wa mvua, vidimbwi vya juu hujaa na kuota majani laini kama nywele za mtoto, huku chini tope la milimani likifunika kila kitu. Kiangazi kikifika, ziwa hushuka, vidimbwi vya juu hukauka, na majani yake hubaki ngozi nyeupe inayobanduka. Hapo uhai wote huhamia chini, ukingoni mwa maji, pale pale penye jiwe letu.

"Ya kijani haina shida, unaiona," maman alikuwa akisema. "Ogopa ile ya kahawia. Iko nyembamba, hauione, na inateleza kupita sabuni."

Kwa hiyo kiangazi chote jiwe lilisuguliwa kwa mchanga na gunzi la mahindi kabla ya mtu kulikanyaga. Kazi hiyo niliichukia. Harufu ya majani yale hukaa mikononi siku mbili, hata unawe vipi, na mimi nilikuwa mtu wa ofisi, kucha zangu zimepakwa rangi.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba maman alinituma nitangulie na sabuni ili nikasugue. Nilifika, nikaketi juu kidogo, nikatoa simu. Kulikuwa na mazungumzo ya wenzangu wa kazini, ya kipuuzi kabisa, siyakumbuki hata moja. Jiwe lilionekana safi. Maman alipofika aliuliza, "Ulishasugua?"

"Ndiyo, maman, nilishasugua."

Alikanyaga. Beseni lilitangulia kuanguka, kisha yeye. Nilisikia mfupa.

Ilikuwa nyonga. Hospitalini walifanya walichoweza, lakini maman hakushuka tena ziwani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi hata mtoto sina, ila mjukuu huyo alihamia kwetu siku ile ile na hajaondoka.

Nilianza kufua mimi. Kila niliporudi, maman aliniita kitandani. "Leo majani iko fasi gani?"

Mara ya kwanza nilijibu ovyo ili nikapumzike: yamejaa vidimbwi vya juu. Alinikazia macho ya mwalimu. "Mu kiangazi? We mutoto, haukuangalia." Niliona aibu, nikarudi siku ile ile kuangalia. Tangu hapo nilijifunza kuinama. Nilimweleza kijani kilivyopungua ukingoni mvua za kwanza zilipoleta tope, kilivyotokea kwenye kidimbwi cha juu kabisa, alama ndogo tu, kisha kikashuka kidimbwi kwa kidimbwi. Alisikiliza macho yamefumbwa. Wakati mwingine alinisahihisha, na hakukosea hata mara moja. Zilikuwa saa nzuri, na kila saa nzuri iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimekaa na mtu niliyemwangusha na kumdanganya.

Alidhoofika mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Mapafu, walisema, ndivyo inavyowatokea wanaolala muda mrefu. Alasiri moja nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia lile jiwe sikulisugua.

"Nilijua," alisema.

Nilidhani ni homa.

"Ile siku ulinishika mikono, unalia. Mikono yako ilikuwa inanuka sabuni tu. Mutu mwenye kusugua ananuka ziwa."

"Na haukuniambia? Miezi yote hii?"

Alivuta pumzi kwanza. "Ningekuambia, ungeona haya, ungeanza kunikimbia. Na mimi nilipenda uikale hapa, uniambie majani."

Niliweka kichwa kwenye blanketi lake nikalia kama mtoto wa chekechea. Akanipapasa kichwani, halafu akauliza kama kidimbwi cha juu bado kina maji. Nikasema bado kina. Siku tisa baadaye tulimzika.

Mwaka huu, mwezi wa saba, nilishuka peke yangu. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma, vidimbwi vya juu vimekauka kama alivyosema vitakauka. Jiwe lilionekana safi. Nilipiga magoti nikalisugua lote, kwa mchanga na gunzi, hadi pembeni ambako hakuna anayekanyaga. Kucha mbili zilivunjika. Mwanamke mmoja aliniuliza nasugua nini kwa hasira hivyo, nikachota mchanga mwingine.

Nilipofika nyumbani sikunawa. Nilipita sebuleni moja kwa moja hadi chumbani mwake, mikono mbele, ili anuse. Kitanda tulikuwa tumeshampa shangazi. Nilisimama pale kilipokuwa, mikono bado nimeinyoosha.