Lori Lililokula Nyumba Yetu

Enzi zetu nyumba ikivuja hatukumngoja fundi. Fundi alikuwa yeyote aliyeamka na mikono miwili. Wajukuu zangu balbu ikiungua hukaa gizani, simu mkononi, wakimtafuta mtu wa kuja kuibadilisha. Nawacheka, kisha napanda juu ya kiti naibadilisha mwenyewe, na magoti yangu haya.

Nyumba yetu ya Ngamiani ilikuwa kuukuu tangu sijazaliwa. Mama aliirithi kwa babake: kuta za miti na udongo, paa la makuti lenye viraka vya madebe yaliyopondwa. Kando yake baba aliegesha nyumba ya pili. Baba alikuwa fundi cherehani, akiwashonea manamba wa mashamba ya mkonge, kutoka Muheza mpaka Korogwe. Alipata lori bovu, akalijengea mgongoni kichumba cha mbao chenye kitanda, dirisha na paa la bati, na cherehani akaikaza sakafuni isimtoroke mashimoni. Humo ndimo alimolala akiwa safarini, na nadhani ndimo alimopata usingizi. Nyumbani hakutulia. Kabla chai haijapoa keshasimama, analizunguka lori, anagonga hiki, anakaza kile, na sisi sote tunapata kizunguzungu kwa kumtazama.

Taabu ni kwamba lori lilikula nyumba. Tangi la mafuta likitoboka, lilizibwa kwa sabuni ya mama ya kufulia. Rejeta ikivuja, baba alimwaga ndani manjano ya mchuzi, na ajabu ni kwamba iliziba. Kamba za kitanda changu ziliondoka kwenda kufunga mizigo, nikalala mkekani mwezi mzima. Siku alipong'oa mlango wa uani ili lori lipate mlango, mama alishika kiuno.

"Baba Mwanaidi, manjano nimekusamehe. Sasa na mlango?"

"Nitaleta mwingine, mke wangu. Safari hii tu."

Mama akatundika gunia mahali pa mlango. Kuku wa jirani wakawa wanaingia na kutoka bila hodi, na mmoja akataga chini ya kabati letu.

Mwaka niliokuwa darasa la nne, mwalimu alimwambia mama kwamba nikifaulu mtihani wa mwisho wa mwaka nitapelekwa shule ya bweni. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Lakini ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kupinda, na mama hakunificha. "Ukuta huu ukianguka hatuna pa kukaa," alisema. "Itabidi tuhamie kwenye lori, tumfuate babako anakokwenda, na shule ndiyo basi." Toka hapo wenzangu wakicheza rede, mimi niko nyuma ya nyumba, naupima ukuta kwa shubiri. Baba nilimpenda. Lile lori nililichukia hasa.

Vuli ikaja kwa fujo. Ukuta ulilala chini asubuhi moja, baba akiwa Muheza. Mama alianza kufunga vyombo. Mimi nikakimbilia uani, nikachimba udongo, nikaukanyaga kwa miguu kama nilivyowaona wakubwa wakifanya, nikawa naurusha penye tundu. Kila donge nililorusha lilipita ng'ambo, likaangukia godoro la mama. Alasiri baba akafika na gunia la machungwa, akanikuta nimejaa matope mpaka kifuani, nalia na kurusha.

"Mwanangu, udongo hauna pa kushika. Miti imeliwa na mchwa."

"Mimi sihami, baba. Nina mtihani."

Alinitazama, akamtazama mama na mizigo yake, kisha akaliendea lori. Nilidhani anaondoka. Alichukua nyundo, akaanza kuzing'oa mbao za kile kichumba, moja moja, mvua ikimpiga mgongoni.

"Na safari je?" mama alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Safari itangoja. Mvua haingoji."

Nyumba ikapata ukuta wa mbao na paa la bati, na mlango ukarudi uani. Lori lililobaki mifupa mitupu lilichukuliwa na mtu wa Pangani. Baba aliiweka cherehani barazani, akashona hapo mpaka uzeeni, miguu ikiichapa pedali kama mtu anayeiwahi Korogwe. Likipita gari la abiria aliacha kushona mpaka lipotee.

Nami nilifaulu. Siku ya kwenda bweni, huko milimani, baba alinisindikiza mpaka kwenye basi, akanitafutia kiti cha dirishani. "Usilale, Mwanaidi," aliniambia. "Itazame njia yote, uje unihadithie."

Nililala kabla ya Muheza. Likizo aliponiuliza nikamtungia: daraja hili limebomoka, mashamba yale yamepanuliwa, watu wamejaa vituoni. Njia ile aliijua kila shimo lake, lakini aliitikia kila neno, akanimiminia chai nyingine ili niendelee.

Siku hizi wajukuu hunitumia picha za safari zao zote, barabara, milima, hata sahani za chakula, wala sijaomba. Enzi zetu safari ilirudi nyumbani mdomoni mwa msafiri. Baba aliniomba ya kwangu moja tu, nami nililala.