Mkazi wa Mahongole

Mpwa wangu alinipigia simu nikiwa Tunduma, begi limeshafungwa.

"Shikamoo mjomba. Safari hii hata sisi wa stashahada tunakopeshwa, hela ya chakula imo. Dirisha linafungwa Ijumaa. Nahitaji mdhamini."

Anasoma chuo pale Njombe. Tangu dada yangu afariki, aliyebaki kwake ni mimi, na mimi ni mtu wa njia. Mara ya mwisho nilipompitia alikuwa akipiga pasi ndefu: wali maharage wa saa sita mchana, basi, mpaka saa sita ya kesho yake. Alinisimulia akicheka. Lakini alipoinuka kunisindikiza alishika ukuta kwanza. Nimetembea na ule mkono ukutani miji mingapi sijui.

Jumatano niliipokea fomu aliyoituma kwa basi, pale stendi ya Makambako, nikaenda nayo Mahongole kwenye nyumba ya marehemu mama, ambayo huwa naifungua, nafagia, naifunga tena. Fomu ilitaka mhuri wa mwenyekiti wa mtaa, athibitishe kwamba mdhamini ni mkazi.

Mwenyekiti alikuwa uani na mkewe wakipukuchua mahindi.

"Kamwene, mwenyekiti."

"Kamwene. Kumbe uko hai?" Akaisoma fomu polepole. "Mkazi. Mkazi wa wapi?"

"Wa hapa. Nyumba si ile pale?"

"Nyumba ndiyo mkazi, haijahama hata siku moja. Nakuuliza wewe." Mkewe akacheka mpaka akaangusha gunzi. "Kaburi gani umewahi kuchimba mtaa huu?"

"La mama."

"La mama yako ungekosaje? La jirani?"

Misiba yote nilikuwa naisikia kwenye simu, natuma rambirambi, naendelea na safari.

"Mtoto ana njaa, mwenyekiti. Mimi niadhibu kwa lingine."

"Mtoto simkatai. Nakukataa wewe." Akapukuchua hindi zima kabla ya kuendelea. "Kesho tunamzika mzee wa ile nyumba ya pembeni. Njoo na jembe. Lako, si la kuazima."

Jembe la mama lilikuwa limeliwa mpini na mchwa. Jioni hiyo nilichonga mpini mpya, vibaya.

Alhamisi, nikiwa shimoni hadi kifuani, nilisikia malori barabarani yakibadilisha gia, haya ya Mbeya, yale ya Songea, na miguu ikaanza kujisogeza yenyewe.

"We mgeni, unachimba au unacheza ngoma?" akauliza mmoja kutoka juu. Wenzake wakacheka. Nikachimba.

Baada ya mazishi mwenyekiti alitoa mhuri mfukoni mwa koti, akaupulizia pumzi, akagonga fomu juu ya paja lake.

"Nimesema wewe ni mkazi. Usinifanye mwongo."

Fomu iliwahi basi la jioni. Ijumaa mpwa wangu akaandika: "Imepokelewa, mjomba. Majibu baadaye. Wakikuulizia wakukute hapo."

Wiki ya tatu sasa. Kila siku namuuliza amekula nini, naye hunijibu viazi. Begi liko mlangoni. Nalifungua, natoa shati, narudisha. Leo asubuhi mwenyekiti amepita, akalitazama begi.

"Jembe liko wapi?" akauliza.

Nikaingia ndani kulichukua.